Dawa za asili za nguvu za kiume: panya wa maabara wanatuambia nini hasa?

Msemo "kuongeza nguvu za kiume" ni furushi lililofungwa kwa kamba moja. Ndani yake mna hamu ya tendo la ndoa, mna kusimama kwa uume na kuendelea kusimama, mna muda unaopita kabla ya kumwaga, mna uwezo wa kurudia baada ya mapumziko, na mara nyingi mna pia uwezo wa kutungisha mimba. Mganga wa tiba asili anapompa mgonjwa mizizi ya kuchemsha, halazimiki kulifungua furushi hilo, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe anajua kilichokuwa kikimsumbua na atajua kama kimeondoka. Mtafiti wa maabara hana njia hiyo. Panya hawezi kuulizwa anajisikiaje, na kwa hiyo mtafiti hana budi kulifungua furushi, kuchagua kitu kimoja au viwili, na kuvipima kwa saa na kwa hesabu. Tatizo huanza pale matokeo ya kitu kimoja yanaporudishwa kwa umma yakiwa yamefungwa tena ndani ya furushi zima, yakitangazwa kwamba mti fulani "umethibitishwa kisayansi kuongeza nguvu za kiume". Ni vyema basi kufuatilia hatua kwa hatua kinachofanyika ndani ya maabara, ili msomaji anapokutana na tangazo la namna hiyo aweze kujua ni kitu gani hasa kilichopimwa.

Tuanze na mwili, kwa ufupi. Uume husimama pale misuli laini iliyo ndani yake inapolegea na kuruhusu damu kujaa. Ishara ya kulegea hutoka kwenye neva, na mjumbe wake mkuu ni gesi iitwayo nitriki oksaidi, ambayo huchochea kutengenezwa kwa kemikali iitwayo GMP ya mzunguko. Kemikali hiyo huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho PDE5, na ndiyo maana dawa ya sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Machi 1998, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hicho. Sildenafili haileti hamu. Mtu asiye na msisimko wowote akiimeza, kwa kawaida hakuna kinachotokea, kwa sababu hakuna ishara ya neva ya kuanzia. Hamu ni shughuli ya ubongo, ikiongozwa na homoni pamoja na kemikali kama dopamini na noradrenalini, wakati mbegu za kiume hutengenezwa kwenye korodani kwa utaratibu wake wenyewe, ambao kwa binadamu huchukua takribani siku 74 na kwa panya takribani siku 52. Mambo haya matatu yanahusiana, lakini dawa inaweza kabisa kugusa moja bila kuyagusa mengine, na inaweza hata kulisaidia moja huku ikilidhuru jingine.

Sasa tuingie kwenye chumba cha majaribio. Panya ni mnyama wa usiku, na kwa hiyo maabara makini hugeuza saa zake: taa huwashwa usiku na kuzimwa mchana, ili watafiti wamkute akiwa macho katika saa zao za kazi. Jaribio hufanyika chini ya mwanga hafifu mwekundu, ambao macho ya panya hayauoni vizuri. Dume ambaye amekuwa akinyweshwa dondoo ya mmea kwa siku kadhaa, kupitia bomba laini linaloshushwa mdomoni hadi tumboni, huwekwa peke yake kwenye sanduku lenye ukuta wa kioo na kuachwa dakika chache alizoee. Kisha jike huingizwa, na saa inaanza kuhesabu.

Kinachofuata kina mpangilio unaojulikana vizuri sana. Jike aliye kwenye joto hutimka mbio fupi fupi, husimama ghafla, na hutikisa masikio kwa kasi ambayo mtazamaji huiona kama mtetemo. Dume humnusa, humfuata, na kumpanda. Akimpanda bila kuingiza, hushuka polepole na kuendelea na shughuli zake. Akifanikiwa kuingiza, jambo linalodumu chini ya sekunde moja, huruka nyuma kwa nguvu na kukaa akijilamba. Hurudia hivyo mara nyingi, pengine mara 8 hadi 15, mpaka anapompanda kwa msukumo mmoja mrefu wenye kina, hushikilia kidogo, na kushuka taratibu huku miguu ya mbele ikiinuliwa. Hapo mtazamaji anaandika kwamba amemwaga. Baada ya hapo dume hupumzika dakika 5 au zaidi, na katika mapumziko hayo hutoa mlio wenye masafa ya kilohezi 22 hivi, ambao sikio la binadamu haliwezi kuusikia bila kifaa. Kisha huanza upya.

Kutokana na kikao hicho cha nusu saa au zaidi hupatikana orodha ndefu ya vipimo: muda uliopita kabla ya kupanda mara ya kwanza, muda kabla ya kuingiza mara ya kwanza, idadi ya kupanda, idadi ya kuingiza, muda kutoka kuingiza kwa kwanza hadi kumwaga, urefu wa mapumziko, na idadi ya mizunguko. Mwanasaikolojia wa Marekani Frank Beach alipendekeza mwaka 1956 kwamba nyuma ya vipimo hivi kuna mifumo miwili, mmoja wa kumwamsha dume mpaka aanze, na mwingine wa kuliendesha tendo lenyewe hadi mwisho. Mgawanyo huo umeboreshwa sana tangu wakati huo, lakini bado unasaidia kusoma matokeo. Dondoo inayofupisha muda wa kuanza huenda imegusa hamu. Dondoo inayobadilisha tu idadi ya kuingiza huenda imegusa kitu kingine kabisa, kama vile hisia za ngozi ya uume au wepesi wa misuli.

Napenda kukaa kidogo kwenye kipimo kimoja, kwa sababu ndicho kinachopotosha zaidi: muda kutoka kuingiza kwa kwanza hadi kumwaga. Wataalamu wa tabia za wanyama wamezoea kwa miaka mingi kusema kwamba dume anayefika haraka, kwa kuingiza mara chache, ndiye aliyeamshwa zaidi, kwani katika maisha ya panya kufika haraka ndiyo mafanikio. Lakini tafiti nyingi za mitishamba huandika kinyume chake: dondoo imerefusha muda wa kumwaga, kwa hiyo imeongeza nguvu. Hapa mtafiti amebeba matarajio ya binadamu, anayetamani kuchelewa, na kuyaweka juu ya mnyama ambaye hana matarajio hayo. Zaidi ya hapo, muda huo unaweza kurefuka kwa sababu mbaya. Dondoo inayomlegeza panya, inayomtia usingizi, inayomsababishia kichefuchefu au inayopunguza hisia za neva itamchelewesha pia. Anayesoma kwamba muda umerefuka anapaswa kutazama mara moja vipimo vya jirani: je, dume alianza haraka zaidi, na je, alipumzika kwa muda mfupi zaidi? Kama kila kitu kimekuwa kirefu, basi kilichoonekana ni uchovu, hata kama kichwa cha habari kinasema nguvu.

Kwa sababu hiyo hiyo jaribio la kujamiiana peke yake halitoshi. Kemikali inayomchangamsha mnyama kwa jumla, kama ifanyavyo kafeini, inaweza kuongeza idadi ya kupanda kwa kuwa tu panya anakimbia huku na huko kuliko kawaida. Mtafiti mwangalifu hupima mwendo wa panya katika uwanja mtupu usio na jike. Wengine hupaka dawa ya ganzi kwenye uume ili kutenganisha hamu na hisia: dume aliyekufa ganzi hawezi kuingiza vizuri, lakini akiendelea kupanda kwa bidii, bidii hiyo haiwezi kuwa imetokana na raha ya ngozi. Wengine huacha tabia kabisa na kwenda kwenye kiungo chenyewe. Humtia panya usingizi wa dawa, husisimua neva ya uume kwa umeme, na kupima shinikizo la damu ndani yake. Au huchukua vipande vya misuli laini ya uume wa sungura, huvining'iniza ndani ya maji yenye chumvi na oksijeni, huvikaza kwa kemikali, kisha humwagia dondoo na kutazama kama vinalegea. Jaribio hilo la mwisho ni safi na lina usahihi mkubwa, lakini lina udhaifu ulio wazi. Dondoo imekutana na misuli moja kwa moja, bila kupita tumboni, bila kuchujwa na ini, na kwa kiwango ambacho huenda kisifikiwe kamwe katika damu ya mtu aliyekunywa kikombe cha dawa.

Kipimo kinachopendwa sana, labda kwa kuwa ni rahisi kukielezea, ni testosteroni. Damu hutolewa, homoni hupimwa, na ikipanda husemwa kwamba dawa imefanya kazi. Fikra hii inaonekana ya busara, ila elimu ya homoni iliionyesha kasoro yake zamani. Mwaka 1952 watafiti Grunt na Young walichukua simbilisi madume waliotofautiana kwa ari ya kujamiiana, wakawahasi, ari ikashuka kwa wote, kisha wakawapa wote kiwango kilekile cha testosteroni. Kila dume alirudi kwenye hali yake ya awali: aliyekuwa na ari kubwa akawa nayo tena, na aliyekuwa mzito akabaki mzito. Homoni iliwasha taa, lakini haikuamua ukubwa wa mwanga. Majaribio ya baadaye kwa panya yalionyesha kwamba kiasi kidogo tu cha testosteroni, chini ya kile alichonacho dume wa kawaida, kinatosha kurudisha tabia ya kujamiiana. Kwa hiyo dondoo inayompandishia homoni dume ambaye tayari anayo ya kutosha haitarajiwi kumbadilisha sana, isipokuwa kwa mnyama, au mtu, ambaye homoni yake ilikuwa imepungua kweli.

Mimea miwili inaonyesha jinsi hamu na homoni zinavyoweza kwenda njia tofauti. Mbigili, ule mmea utambaao wenye miba unaoitwa Tribulus terrestris, umeuzwa duniani kote kwa jina la kuongeza testosteroni. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowapa wanaume vijana dondoo yake kwa wiki 4, haukuona mabadiliko yoyote ya homoni hiyo. Maka, mmea wa milima ya Peru ambao huliwa mzizi wake, ulijaribiwa kwa wanaume kwa wiki 12 katika utafiti wa mwaka 2002 kwa dozi za gramu 1.5 na gramu 3 kwa siku: waliopewa walieleza kwamba hamu yao imeongezeka, wakati testosteroni ilibaki pale pale. Kama tungekuwa tunapima damu tu, mmea wa pili tungeutupa.

Hadi hapa jike ametajwa kama sehemu ya vifaa, na katika tafiti nyingi ndivyo anavyotumika. Mzunguko wa panya jike huchukua siku 4 hadi 5, na huwa tayari kupokea dume kwa saa chache tu za usiku. Kusubiri kila jike afike siku yake kungechelewesha kazi, kwa hiyo ovari zake huondolewa kwa upasuaji, kisha huchomwa sindano za homoni za kike: ya estradioli saa 48 kabla ya jaribio na ya projesteroni saa 4 hadi 6 kabla. Jike aliyeandaliwa hivyo akiguswa kiunoni huinamisha mgongo, huinua kichwa na nyuma, na kusogeza mkia pembeni. Mkao huo ni wa mwitikio wa neva, na huweza kuhesabiwa, lakini hautuambii kama jike anataka. Ili kujua anachotaka, watafiti hutumia sanduku lenye kizuizi chenye matundu madogo ambayo jike hupita na dume, kwa kuwa ni mkubwa zaidi, hapiti. Humo jike ndiye anayeamua aingie lini upande wa dume na atoke lini, na muda anaochukua kurudi baada ya kila tendo ndio kipimo cha hamu yake. Ni mbinu nzuri na ya miaka mingi. Inasikitisha kwamba tafiti za mitishamba huitumia mara chache, hali wanawake nao wanatumia dawa za asili kwa ajili ya hamu, na wana haki ileile ya kujua kama zinafanya kazi na kama ni salama.

Tuwaache panya kwa muda, tuutazame mmea. Jina la kienyeji moja linaweza kuwa la miti mitatu tofauti, na kwa hiyo hatua ya kwanza ni mtaalamu wa mimea kuutambua na tawi lake kuhifadhiwa hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, kwa namba maalumu. Kisha huja maswali ambayo mganga angeyajibu bila kufikiri: ni mzizi, gome au jani? Limechumwa wakati gani, limekaushwa juani au kivulini? Linachemshwa, linalowekwa majini, au linatafunwa? Maabara mara nyingi hutumia ethanoli au heksani kwa sababu vimiminika hivyo hutoa kemikali ambazo maji hayazitoi. Hilo si kosa likiwa lengo ni kutafuta kemikali mpya. Ila dondoo ya heksani ya mzizi ambao watu huuchemsha kwa maji ni dawa nyingine, na matokeo yake hayawezi kutumiwa kumsifu wala kumkosoa mganga.

Muda wa matumizi nao unaweza kugeuza jibu lote. Mfano ninaouona kuwa na mafunzo makubwa ni wa Mondia whitei, mmea utambaao ambao mizizi yake hutafunwa sehemu nyingi za Afrika na ambao magharibi mwa Kenya huitwa mukombero. Watafiti wa Kamerun waliwapa panya madume dondoo yake ya maji, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Walipoitoa kwa siku 8, korodani ziliongezeka uzito na testosteroni ikapanda. Walipoitoa kwa siku 55, katika utafiti mwingine, mirija inayotengeneza mbegu iliharibika na utengenezaji wa mbegu ukasimama. Dawa ilipoachwa, hali ilirejea. Mmea uleule, kiasi kilekile, na majibu mawili ambayo mtu akisoma moja tu atakwenda mbali na ukweli. Ukikumbuka kwamba mbegu ya panya huchukua siku 52 hivi kukamilika, unaona mara moja kwa nini jaribio la wiki moja haliwezi kusema lolote la maana kuhusu uzazi: mbegu zilizohesabiwa siku ya 8 zilianza kutengenezwa wiki nyingi kabla dawa haijanywewa.

Dozi ni jambo jingine ambalo watu hukosea kwa njia ya hatari. Tuseme panya amepewa miligramu 100 kwa kila kilo na matokeo yakawa mazuri. Mtu wa kilo 60 akizidisha moja kwa moja atapata miligramu 6,000. Lakini mnyama mdogo huunguza na kuondoa kemikali mwilini haraka kuliko mkubwa, na kwa hiyo wataalamu hulinganisha kwa eneo la ngozi badala ya uzito. Kwa kanuni inayotumika sana, dozi ya panya huzidishwa kwa 6 na kugawanywa kwa 37, na hivyo miligramu 100 kwa kilo zinakuwa takribani 16, yaani kama miligramu 970 kwa mtu huyo. Aliyezidisha kienyeji amekunywa mara sita ya kipimo kinacholingana. Tena hesabu hiyo ni ya dondoo kavu. Ikiwa gramu 100 za mizizi mikavu zimetoa gramu 8 za dondoo, miligramu 970 zinatokana na gramu 12 hivi za mizizi, kiasi ambacho mtu anaweza kukitafuna. Ikiwa utafiti umetumia miligramu 1,000 kwa kilo, sasa tunazungumzia zaidi ya gramu 120 za mizizi kila siku, na hapo ni halali kuuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kutumia dawa hiyo kwa wingi huo.

Kuhusu usalama, kuna sentensi moja inayojirudia katika ripoti hizi: hakuna panya aliyekufa kwa dozi ya miligramu 2,000 kwa kilo. Sentensi hiyo ni ya kweli na ina maana finyu. Mwongozo wa kimataifa wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, hutumia kiwango hicho kama ukomo wa jaribio la sumu ya ghafla, ambapo wanyama wachache hupewa dozi moja na kutazamwa kwa siku 14. Mbinu ya zamani ya kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, iliyohitaji wanyama wengi, iliondolewa kwenye miongozo hiyo mwaka 2002, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini dawa ya nguvu za kiume hainywewi mara moja. Inayohitajika ni dozi ya kila siku kwa siku 28, kisha 90, na mwishoni kupima vimeng'enya vya ini, kreatinini ya figo, na kukata korodani vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini. Shina la Fadogia agrestis lilichunguzwa Nijeria, na utafiti wa mwaka 2005 uliripoti kwamba madume wa panya walipanda zaidi na testosteroni yao ikaongezeka. Tafiti zilizofuata za kundi hilohilo, kwa dozi zilezile za kurudiarudia, zikaonyesha mabadiliko yasiyofaa kwenye korodani, ini na figo za panya. Habari ya kwanza ilisambaa duniani pamoja na vidonge. Habari ya pili imebaki kwa wachache.

Lipo pia suala la hesabu, ambalo nitalipitia haraka ingawa lina uzito. Kundi la kawaida lina panya 5 au 6. Kukiwa na vipimo 20 kwenye meza, na kila kimoja kikiwa na uwezekano wa asilimia 5 wa kuonyesha tofauti kwa bahati tu, basi uwezekano wa angalau kimoja kujitokeza kwa bahati ni kama asilimia 64, ikichukuliwa kwamba vipimo havitegemeani. Mtafiti akichagua kile kilichojitokeza na kukiweka kwenye kichwa cha makala yake, hajasema uongo, lakini hajasema kitu. Dawa ya ugonjwa huo inajulikana: kutangaza kabla ya kuanza kipimo kipi ndicho kikuu, kuwagawa panya kwa kura, na kumficha anayehesabu ili asijue panya yupi amenyweshwa nini. Kupanda na kuingiza hutofautishwa kwa jicho la mtu katika mwanga hafifu. Mtu huyo akiijua dawa, jicho lake litaegemea upande bila yeye kukusudia. Kuficha huko ni sehemu pia ya heshima kwa mnyama. Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kwamba wanyama wabadilishwe na mbinu nyingine inapowezekana, wapunguzwe idadi, na wapunguziwe mateso. Panya aliyetumiwa katika jaribio ambalo haliwezi kutoa jibu ametumiwa bure.

Na sildenafili, ambayo mara nyingi hupewa kundi moja la panya ili dondoo ilinganishwe nayo, nayo ina mushkeli. Dume mzima wa panya hana tatizo la kusimamisha, hivyo dawa inayosaidia kusimama haina mengi ya kumwongezea. Dondoo ikiizidi sildenafili kwa panya mzima, haimaanishi kwamba itaizidi kwa mwanamume mwenye kisukari ambaye mishipa yake ya damu imeharibika. Ulinganisho wa haki unahitaji panya ambaye naye amefanywa kuwa na kisukari, au amezeeka, au amehasiwa, kulingana na tatizo linalodaiwa kutibiwa.

Mmea uliokwenda safari nzima, kutoka gome hadi panya na kutoka panya hadi binadamu, ni yohimbe, mti wa misitu ya Kamerun na Gaboni. Kemikali yake kuu, yohimbini, hufunga vipokezi ambavyo kazi yake ni kupunguza utoaji wa noradrenalini, na hivyo huiacha noradrenalini ipande. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Science kwamba yohimbini iliwaamsha zaidi madume wazoefu, iliwarahisishia wasio wazoefu, na iliwafanya hata wale ambao hawakuwa wakijamiiana kabisa waanze. Ni vigumu kupata matokeo ya panya yaliyo mazuri kuliko hayo. Kwa binadamu, majaribio yalipojumlishwa, yohimbini iliishinda dawa bandia katika tatizo la kusimama, lakini kwa kiasi cha wastani, na pamoja nayo yakaja mapigo ya moyo kwenda mbio, shinikizo la damu kupanda na wasiwasi. Ilipotokea sildenafili, yohimbini ikawekwa kando na madaktari wengi.

Sehemu ya pengo kati ya panya na mtu inatokana na jambo ambalo halina uhusiano na kemikali. Mwanamume anayepewa kidonge na kuambiwa kitamrudishia nguvu hupata nafuu ya kweli kutokana na tumaini peke yake, hata kidonge kikiwa cha unga mtupu, na katika tatizo hili nafuu hiyo huwa kubwa. Ndiyo maana jaribio la binadamu lisilo na kundi la dawa bandia haliwezi kuaminika. Ndiyo maana pia vidonge vinavyoitwa vya mitishamba, ambavyo mamlaka za dawa zimevikuta mara nyingi vikiwa vimechanganywa kwa siri na sildenafili, vinadhuru mara mbili: vinamhatarisha mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, na vinaupa mmea sifa ambayo si yake. Panya hana tumaini hilo. Anaposhushiwa bomba tumboni hajui kama lina mzizi uliosifiwa na vizazi vitano au maji matupu, na akimfuata jike kwa haraka zaidi kuliko mwenzake wa sanduku la pili, kitu fulani ndani ya kimiminika kile kimemgusa. Kazi inayobaki, na ambayo panya hawezi kuifanya, ni kumtafuta mtu aliye tayari kukinywa bila kuambiwa ni kipi kati ya viwili, kisha kumuuliza yeye na mwenzi wake, kwa wiki nyingi, kilichobadilika.